Neema kulia ukiondoka

Shoga yangu Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka Dar. Sisi huku wazima, mvua tu ndiyo imetukalia.

Barua yako nimeipata. Hayo ya Neema kung'ang'ania kitenge chako kila asubuhi ukitaka kutoka yamenigusa, na kauli ya mama mkwe kwamba umemdekeza kwa kumbeba mno, na kwamba umwache alie ili azoee, imeniuma. Ngoja nikueleze tulichosoma chuoni, maana kinakuhusu kabisa.

Kuna mwanasaikolojia aliyeitwa Mary Ainsworth, mzaliwa wa Marekani aliyekulia Kanada. Mwaka 1954 alikuja Kampala na mumewe, aliyekuwa amepata kazi pale. Kabla ya hapo alikuwa London akifanya kazi na John Bowlby, daktari aliyechunguza kinachompata mtoto akitenganishwa na mama yake. Enzi hizo wataalamu wengi waliamini kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu ya maziwa tu. Ainsworth akaingia vijijini Buganda, familia 26, na mkalimani wake. Maabara hakuwa nayo. Alikaa sebuleni na akina mama wakati wa alasiri, saa za kupokea wageni, akaangalia watoto wanafanya nini.

Akaona hivi: mtoto anatambaa hadi mlangoni, anashika kitu, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Mgeni akimsogelea, anarudi mbio mapajani. Mama akiinuka kwenda nje, kilio, na kumfuata. Kitabu chake kuhusu watoto hao kilitoka 1967, na leo wanafunzi wa saikolojia duniani kote wanasoma mambo yaliyoonekana kwanza kwa mama wa Kiganda na mwanawe. Hilo hunipa raha kila nikilikumbuka.

Sasa Neema. Likizo yako ya uzazi ilipokwisha alikuwa wa miezi mitatu, anapokewa na yeyote na kucheka. Leo ana miezi kumi, analia. Hajaharibika, amekua! Kuanzia miezi sita au saba hivi, mtoto anakuwa ameshachagua watu wake, anajua yupi ni yupi, na anajua kwamba unaondoka. Ningeshtuka zaidi kama angekuwa hajali uende au ubaki.

Kuna jambo jingine Ainsworth aliligundua kule, nami nalipenda kuliko yote. Watoto waliotulia, wenye uhakika na mama zao, mara nyingi walikuwa wa wale akina mama waliojua kueleza habari za mtoto wao kwa undani, bila hata kuulizwa sana. Soma tena barua yako, shoga. Umeniandikia kwamba Neema akishikwa na usingizi huvuta sikio la kushoto, na kwamba uji wa ulezi anautema ukiwa wa moto ila ukipoa anamaliza kikombe. Nani mwingine anayajua hayo?

Muda unaokaa naye nao una uzito, siwezi kukuficha; watoto waliohudumiwa na mama zao kwa saa nyingi walionekana kutulia zaidi. Lakini mtoto kulelewa pia na bibi, shangazi au dada hakukuonekana kumharibia chochote. Kwa hiyo usijilaumu kwa kazi. Ukirudi jioni, vyombo vioshwe na mwingine, wewe mchukue mwanao.

Na hilo la kumwacha alie ili azoee, mimi silikubali. Baadaye Ainsworth alifuatilia watoto wengine kule Baltimore, Marekani, na mwaka 1972 yeye na mwenzake Silvia Bell waliandika kwamba watoto walioitikiwa upesi miezi ya mwanzo walikuwa hawalii sana kama wenzao walipokaribia mwaka. Wapo waliobishia hesabu zao, ila kwa wanangu nimeyaona hivyohivyo.

Ninachokuomba ni kimoja: acha kutoroka kupitia mlango wa uani. Muage, mkabidhi kwa bibi yake, nenda. Atalia, ndiyo, lakini atakuwa anajua umekwenda, hatakaa akikutafuta vyumbani.

Mama mkwe usibishane naye. Muulize tu jinsi mumeo alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo, umwache asimulie.

Msalimie Baba Neema. Mwezi ujao nikipata ruhusa nitapanda basi nije Morogoro, uniandikie mapema kama mtakuwepo.

Wako,
Mama Salim