Wahaiti wa Montréal hawakushindwa kufunguka

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu afya ya akili ya wahamiaji wakati wa korona iliwagusia Wahaiti wa Kanada kwa aya moja, ikamalizia kwa kuwashauri wajifunze kufunguka. Mimi ni mhudumu wa wazee hapa Montréal, na wengi ninaopokezana nao zamu ni Wahaiti. Kufunguka hawajashindwa. Tatizo ni kwamba wanachokieleza hakitibiwi kwa mazungumzo.

Baadhi yao walikuwa Marekani kwa hifadhi ya muda iliyotolewa baada ya tetemeko la Januari 2010. Mwaka 2017, serikali ya Trump ilipoashiria kuifuta, maelfu walivuka mpaka kwa miguu kuingia Kanada kupitia barabara ya Roxham, kijia cha mpakani kati ya jimbo la New York na Quebec, hata Uwanja wa Olimpiki wa Montréal ukageuzwa makazi ya muda. Waliomba hifadhi, wakapewa vibali vya kazi, wakaambiwa wasubiri. Korona iliwakuta bado wanasubiri, na kazi iliyowapokea haraka ni hii yetu ya kuogesha wazee, kuwalisha na kuwabadilisha nepi.

Msimu wa kuchipua wa 2020, nyumba za wazee za Quebec, jimbo letu, zilizidiwa kwa vifo hadi jeshi likaitwa kusaidia. Mawakala wa vibarua walikuwa wakimtuma mtu mmoja nyumba mbili tatu kwa wiki. Jioni alirudi mtaa wa Montréal-Nord, mojawapo ya maeneo yaliyoumizwa zaidi na ugonjwa, kwenye chumba cha watu wanne, akiogopa kuwaambukiza wanawe.

Mwenzangu mmoja alifuatilia mazishi ya mama yake kwa simu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, gauni la kinga likiwa mwilini. Alikuwa ameiegesha simu juu ya kabati. Kengele ya mgonjwa ikalia, akaenda, jeneza likashushwa yeye hayupo. Kwao maombi huendelea siku tisa na nyumba hujaa watu, kama matanga ya kwetu. Yeye kesho yake alikuwa zamu ya asubuhi. Baada ya hapo usingizi ulimtoroka, moyo ukawa unamwenda mbio kila simu ilipolia. Kwenda kwa daktari alikataa. Aliamini neno "sonona" likiingia kwenye faili lake, ombi la hifadhi litaharibika. Hofu hiyo nimeisikia kwa wengi.

Tukaitwa malaika walinzi. Agosti 2020 serikali ya Kanada ikatangaza mpango wa kuwapa ukaazi wa kudumu waomba hifadhi waliomhudumia mgonjwa moja kwa moja. Wapiga deki, wapishi na walinzi wa nyumba hizo hizo wakaachwa nje. Aliyepiga deki chumba cha mgonjwa wa korona alivuta hewa gani tofauti na yangu? Nilioona wanaanza kulala na kula vizuri ni wale waliopata karatasi za ukaazi. Waliokataliwa walizidiwa, na habari za nyumbani zikawamaliza: Julai 2021 Rais Jovenel Moïse anauawa, Agosti tetemeko jingine linaua zaidi ya watu 2,000 kusini mwa Haiti, Septemba Marekani inajaza Wahaiti kwenye ndege kutoka Del Rio, Texas, na kuwarudisha huko huko.

Wazee wao wana kumbukumbu nyingine. Mwaka 1983 Msalaba Mwekundu wa Kanada uliwataka Wahaiti wasitoe damu, kwa hofu ya UKIMWI. Kwa hiyo ilipoanza minong'ono kwamba wao ndio wanaoeneza korona, haikuwa mara yao ya kwanza kuchukuliwa kama ugonjwa unaotembea.

Sipingi ushauri nasaha. Maison d'Haïti, asasi yao iliyoanzishwa mwaka 1972, inajua kumsikiliza mtu kwa Krioli, na ingefaa ipewe fedha za kuajiri wanasaikolojia wanaopatikana hata saa nne za usiku, zamu inapoisha. Lakini mshauri hawezi kumtuliza mtu asiyejua kama mwezi ujao atakuwa nchini. Maombi yao ya hifadhi yaamuliwe haraka, na mpango ule ufunguliwe upya kwa wapiga deki, wapishi na walinzi walioachwa. Wapewe pia likizo ya ugonjwa yenye malipo, hata walioletwa na wakala.

Mhudumu wa wazee,
Montréal, Kanada