Ujira wa saa Marekani: tusikimbilie kuandika "umepanda"

Ndugu Mhariri,

Takwimu za ajira za Marekani hutoka kwa kawaida Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa 9:30 alasiri kwa saa zetu (saa 10:30 wakiwa kwenye majira ya baridi). Kesho yake kurasa za uchumi huandika kwamba mishahara ya sekta binafsi imepanda kwa asilimia kadhaa. Tarakimu huwa sahihi; kitenzi ndicho chenye kasoro. Kilichopanda ni wastani, nao unaweza kupanda bila mfanyakazi hata mmoja kuongezwa senti.

Hesabu yenyewe ni fupi. Idara ya Takwimu za Kazi huwauliza waajiri wamelipa kiasi gani, kabla ya makato, katika kipindi cha malipo kinachoangukia tarehe 12 ya mwezi, na ni kwa saa ngapi. Malipo yote hugawanywa kwa saa zote. Malipo ya saa za ziada yamo, na ya likizo yamo. Bakshishi hazimo, wala bonasi za msimu, wala mchango wa mwajiri kwenye bima. Kwa hiyo mhudumu wa mgahawa anayeishi kwa bakshishi huonekana fukara kuliko alivyo.

Tuseme hoteli ina watu 10 wanaofanya kazi saa sawa: sita wanasafisha vyumba kwa dola 15 kwa saa, wanne wako ofisini kwa dola 40. Wastani ni dola 25. Wageni wakikatika, wasafishaji wanne wakapunguzwa, wastani unaruka hadi dola 31.67. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2020, corona ilipofunga biashara. Ripoti ya kwanza ya mwezi ule ilionyesha ujira umeongezeka kwa dola 1.34 hadi dola 30.01, huku ajira milioni 20.5 zikiwa zimepotea na ukosefu wa kazi ukifika asilimia 14.7. Watu wa hoteli na migahawa, wenye ujira mdogo, walikuwa wametoka kwenye hesabu.

Mtego mwingine uko kwenye kigawanyo, yaani saa za kazi, na huu hunasa hata wazoefu. Januari 2024 ujira ulitangazwa kupanda kwa senti 19, kutoka dola 34.36 hadi 34.55, na wengi wakashtuka. Lakini wiki ya kazi ilikuwa imeshuka kutoka saa 34.3 hadi 34.1. Zidisha: Desemba mtu wa wastani alipata dola 1,178.55 kwa wiki, Januari dola 1,178.16. Bahasha ilipungua senti 39! Mwenye mshahara usiobadilika halipwi pungufu akikaa nyumbani siku moja, ila saa zake zikiandikwa chache, ujira wake wa saa unavimba.

Halafu kuna bei za vitu. Juni 2022 ujira ulikuwa umepanda kwa asilimia 5.1 katika miezi 12, na bei kwa asilimia 9.1. Kuandika la kwanza bila la pili ni kumpotosha msomaji, hasa mwenye ndugu kule anayelipwa kwa saa na anayetarajiwa kutuma nyumbani.

Takwimu hii si ya kutupwa: inatoka kila mwezi, inatoka mapema, ingawa hurekebishwa mara mbili katika miezi miwili inayofuata. Ila isisimame peke yake. Fahirisi ya gharama za ajira, ya kila robo mwaka, hushikilia mchanganyiko wa kazi palepale, hivyo haidanganywi na wasafishaji kuondoka. Kipimo cha Benki Kuu tawi la Atlanta hulinganisha malipo ya mtu yuleyule baada ya miezi 12, kisha huchukua ongezeko la mtu wa katikati.

Kama nafasi gazetini ni finyu, ongezeni safu moja tu kwenye jedwali lenu, pembeni ya ujira: saa za kazi kwa wiki.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam