"Uzembe wa rubani" si habari kamili

Mhariri,

Wiki iliyopita mliandika kwamba ajali nyingi za ndege wakati wa kutua zinatokana na "uzembe wa marubani". Mimi nina ugomvi na neno hilo. Mzembe ni mtu aliyeacha kazi yake akapiga soga. Waliokuwa wakirusha ndege iliyoanguka Pokhara, Nepal, tarehe 15 Januari 2023, walikuwa kazini, mikono yote miwili imejaa.

Ilikuwa ATR 72, ukoo mmoja na ndege tunazopanda huku kwetu Kanda ya Ziwa. Ilitoka Kathmandu, safari fupi tu, na hali ya hewa ilikuwa nzuri. Uwanja wa Pokhara ulikuwa mpya, umefunguliwa wiki mbili tu nyuma. Aliyeshika usukani alikuwa kapteni anayezoeshwa uwanja huo, na pembeni yake aliketi mkufunzi. Walipokaribia, aliyeshika usukani akaomba flapu, zile kingo za nyuma ya bawa, zishushwe hadi nyuzi 30. Mkufunzi akaitikia kwamba flapu ni 30. Kumbe alikuwa ameshika mipini mingine iliyo jirani, ile ya propela, na akaivuta. Propela zote mbili zikalaza makali yake sambamba na upepo. Injini zilikuwa hai, ila hakuna kilichokuwa kinaivuta ndege mbele.

Hapo ndipo ningependa gazeti likae kidogo. Jibu lilitoka mdomoni kabla jicho halijahakikisha. Kengele ya tahadhari ililia. Cheklisti ya kabla ya kutua ilisomwa. Sekunde chache baadaye flapu zikashushwa kweli hadi 30, lakini mipini ya propela ikabaki palepale. Aliyeshika usukani alisema mara mbili kwamba injini hazina nguvu, kisha akamkabidhi mkufunzi ndege. Watu wote 72 walikufa kwenye korongo la mto Seti.

Sasa, mkono wa mwalimu hukaguliwa na nani? Sisemi kwamba heshima ndiyo iliyowaponza wale wa Nepal. Najiuliza kuhusu sisi, tuliofundishwa kumwamkia mkubwa shikamoo na kutomkatiza anapozungumza. Mwaka 1997 Boeing 747 ya Korean Air iligonga kilima ikitafuta kutua Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani, wakafa watu 228. Wachunguzi wa Marekani hawakuishia kwa kapteni. Waliandika pia kwamba rubani msaidizi na mhandisi wa ndege hawakumfuatilia wala kumhoji ipasavyo. Yaani waliotakiwa kumhoji nao wamo kwenye ripoti.

Karachi, Pakistan, Mei 2020, mambo yalikuwa ya aina nyingine, na hapo labda mngenishinda kwa neno lenu. Airbus iliyotoka Lahore ilikuja juu mno na kwa kasi mno, marubani wakizungumzia korona. Magurudumu yalishushwa, yakapandishwa tena, na injini zikakwaruza lami. Wakapaa upya na injini zilizojeruhiwa, ndege ikaangukia mtaa wa makazi. Kati ya watu 99 waliokuwemo walipona wawili. Lakini hata hapo, walioiona ikikwaruza kutoka mnara wa kuongozea ndege hawakuwafikishia marubani habari hiyo. Ukiandika "uzembe wa rubani" peke yake, mtu wa mnarani ameshatoka kwenye habari.

Sisi tuliozika watu 19 wa ajali ya ndege iliyoanguka ziwani Bukoba ikitaka kutua, Novemba 2022, hatusomi habari hizi kama za mbali. Ripoti za uchunguzi huandikwa Kiingereza kigumu, kurasa juu ya kurasa, na mwananchi anaishia kwenye kichwa cha habari. Ninachoomba ni hiki: ripoti nyingine ikitoka, iwe ya kwetu au ya ng'ambo, mpeni mwandishi nafasi ya ukurasa mzima atueleze kwa Kiswahili nani alitakiwa kukagua nini, sekunde ipi, na kama aliona kasoro, alisema neno gani. Kichwa cha habari mnaweza kukiacha wazi mpaka amalize kuisoma.

Msomaji wenu,
Ilemela, Mwanza