Maziwa yaliyogoma kuganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja kuhusu maziwa, mimi nauza mtindi hapa Tanga miaka mingi sasa.

Juzijuzi nilichemsha lita 20 kama kawaida, nikaacha yapoe mpaka uvuguvugu ule wa kutia kidole bila kuungua, nikaweka vikombe viwili vya mtindi wa jana maana ndo mbegu yenyewe, nikafunika ndoo na blanketi. Asubuhi nafunua, maziwa ni yaleyale, mepesi, hata harufu ya uchachu hakuna. Nikadhani mbegu imekufa, lakini mbegu hiyohiyo nilitia kwenye ndoo ya mfugaji mwingine na ile imeganda vizuri, ukichota na kijiko shimo linabaki wazi. Nikampigia mzee anayeniletea akaniambia bila kuficha, "Mama, ng'ombe mmoja alivimba kiwele, juzi nimemtia bomba la dawa." Juzi! Na maziwa kachanganya na ya wenzake akaleta.

Jamani wafugaji, ile dawa ya kiwele ni antibayotiki na bakteria wa mtindi hawaiwezi, penisilini kidogo tu inawamaliza. Kuchemsha nako hakuiondoi. Mteja anayekunywa chai ya maziwa hajui kitu, mimi nimejua kwa sababu tu nagandisha.

Na hao bakteria tunaowaua ndo walinzi wetu. Wanakula sukari ya maziwa wanatoa asidi, halafu baadhi yao wanatengeneza dawa yao wenyewe, protini ndogo inayotoboa ngozi ya bakteria wengine mpaka wanavuja na kufa. Inayojulikana zaidi inaitwa nisini, inatoka kwa laktokokasi, bakteria wale wale wa kwenye maziwa. Ilionekana Marekani mwaka 1928, Waingereza wakaipa jina 1947, leo viwanda vinatia kwenye jibini, soma lebo utakuta E234, ndo namba yake. Inazuia listeria, yule bakteria aliyeua watu zaidi ya 200 kule Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018 kupitia polony, aina ya soseji nene. Na nisini ukiila, tumbo linaisaga kama protini nyingine. Kwa kweli mimi nilipoelewa hili niliiangalia ile ndoo yangu kwa heshima nyingine kabisa.

Ila mtu asije akasema basi tuache kuchemsha. Nisini peke yake haiwawezi bakteria wa magonjwa kama brusela na ikolai, hao wana ngozi ya ziada ya nje. Chemsha kwanza ndo utie mbegu.

Ninachoomba ni hivi, mfugaji ukitibu ng'ombe hesabu siku zilizoandikwa kwenye boksi la dawa, maziwa ya siku hizo usiuze, usichanganye. Na vituo vya kukusanyia maziwa viwekewe vile vipimo vya haraka vya antibayotiki, visiishie kupima kama maziwa yametiwa maji. Sisi akina mama wa mtindi tunaweza kusaidia, mimi sasa kila mfugaji namgandishia kikombe chake peke yake usiku, pembeni naweka kikombe cha maziwa ninayoyaamini, mbegu moja. Kikombe kikigoma na mwenzake kimeganda, asubuhi nampigia mwenyewe kabla sijapokea ndoo.

Muuza mtindi,
Tanga