Faini ya mwenzenu irudishwe

Mbukwenyi, binti zangu wa kikundi.

Jumamosi iliyopita nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hasira. Mwenzenu alichelewa mkutano. Toka kituo cha bajaji hadi chini ya mti wetu alisimama mara tatu kuvuta pumzi. Mkamtoza faini, na mmoja akasema, "Ngozi ndiyo inaumwa, miguu ina nini? Anajidekeza." Mkacheka.

Ana skleroderma, na ameniruhusu kuisema. Kinga ya mwili wake imemgeukia mwenyewe. Mishipa midogo inasinyaa, na makovu yanayokaza ngozi ya vidole yanaweza kujijenga hata ndani ya nyama ya moyo. Hapo moyo unakuwa mgumu, umeme wake unapotea njia, mapigo yanaruka. Wengine hujaa maji kwenye mfuko unaouzunguka moyo. Wengine shinikizo hupanda kwenye mishipa ya mapafu, na upande wa kulia wa moyo unasukuma mpaka unashindwa. Tena yote haya huweza kuanza kimyakimya, mtu akidhani amechoka tu.

Siwasemi ninyi peke yenu. Nikiwa nesi kijana huko Mpwapwa, alikuwa akija mama mwenye vidole vigumu kama kuni. Nilimpa mafuta ya kupaka. Aliponiambia kupanda kamlima ka kwao kunamkata pumzi, nilimjibu apunguze mawazo. Mimi, niliyevaa gauni jeupe! Aliporudi miguu imevimba, analala ameketi, ndipo daktari akausikiliza moyo wake. Alikuwa amechelewa, na aliyemchelewesha ni mimi. Kwa hiyo nikisikia mgonjwa wa namna hii anaitwa mvivu, damu inanichemka.

Mengine nayasema kwa ufupi. Apimwe eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, na umeme wa moyo kila mwaka, hata akijisikia mzima. Hapa Dodoma, hospitali ya Benjamin Mkapa wanapima. Presha ipimwe mara kwa mara, kwani ikipanda ghafla figo zinaweza kuwa hatarini. Dawa ya prednisoloni asijinunulie dukani, dozi kubwa inaweza kuzichochea figo hizo hizo; na kama daktari ndiye aliyempa, asiikatishe ghafla. Upepo wetu wa Juni na Julai, avae glavu na soksi. Akizimia au kifua kikimbana, hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Halafu huu mfuko wetu wa jamii. Rambirambi tunatoa kabla hata turubai halijafungwa, lakini mtu akiomba nauli na pesa ya kipimo tunadai barua, muhtasari na wadhamini wawili. Nani alitufundisha kumpenda mtu akishakufa?

Mweka hazina, faini yake irudishwe. Jumatatu nampeleka mwenyewe. Anayetaka kutusindikiza atukute kituoni saa moja asubuhi, na asitembee mbele yetu.

Ni mimi, bibi yenu.