Uingereza imefungia wake na watoto, si mashua

Mhariri,

Serikali ya Uingereza inasema inabana uhamiaji ili kukomesha mashua zinazovuka kutoka Ufaransa. Lakini Septemba 4, 2025, ilichositisha ni maombi mapya ya wakimbizi kuunganishwa na familia zao. Wengi walioitumia njia hiyo walikuwa wanawake na watoto, wakisafiri kwa ndege, visa mkononi, baada ya kukaguliwa. Uamuzi huo unatuhusu, maana wake na watoto wa Wasomali, Wakongo na Waeritrea waliopata hifadhi kule wanasubiri Eastleigh, Kakuma na Kampala.

Awali mkimbizi hakutozwa ada wala kuulizwa mshahara. Alithibitisha tu kwamba familia hiyo ilikuwapo kabla hajakimbia kwao. Sasa anaelekezwa kwenye visa ya kawaida ya wanandoa, na hapo hesabu inamshinda. Anayemwita mwenzake anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka. Hadi Aprili 2024 kilikuwa 18,600. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, hivyo aliyefanya kazi saa 37 na nusu kwa wiki alipata kama 23,800 kwa mwaka. Kufikia 29,000 ilimbidi afanye karibu saa 46 kila wiki, mwaka mzima. Mshahara wa mke aliye Nairobi hauhesabiwi, hata akiwa daktari. Asiyetimiza aonyeshe akiba ya pauni 88,500 iliyokaa benki miezi sita. Mfagizi wa hospitali ataitoa wapi?

Kisha ada: visa pauni 1,938 kwa kiwango cha Aprili 2025, na ada ya kutumia huduma za afya za serikali 3,105, kwa mke mmoja bila watoto. Wengine hukwama kwenye karatasi. Kila hati ya mshahara ya miezi sita lazima ilingane na taarifa ya benki. Mwajiri akilipa taslimu hata mwezi mmoja, ombi linaweza kukataliwa. Ada ya afya hurudishwa, ya visa imekwenda.

Wageni wanaofanya kazi ya kulea wazee Uingereza nao walizuiwa kuandamana na wake, waume na watoto kuanzia Machi 11, 2024, na tangu Julai 22, 2025 hawaajiriwi tena kutoka nje. Aliyeko huko, mwajiri wake akinyang'anywa leseni ya kudhamini wageni, kwa kawaida hupewa siku 60 kupata mwingine au aondoke. Ndiyo maana wengi hunyimwa malipo wakanyamaza.

Asiyefikia kipato bado anaweza kujitetea kwa Ibara ya 8 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, inayolinda maisha ya familia. Novemba 2025 serikali hiyo ikatangaza itabana kwa sheria namna mahakama zinavyoitumia. Huko ni kuziba hata dirisha.

London irudishe njia ya wakimbizi kuunganishwa na familia bila sharti la kipato. Serikali ya Kenya, iliyowahifadhi watu hawa miaka mingi, ina kila haki ya kulidai hilo. Na waliowasilisha maombi kabla hayajasitishwa wajue kwamba yanaamuliwa kwa kanuni za zamani. Dalali akiwataka walipe upya, wasimpe hata senti.

Msomaji,
Nairobi