Shosti nimepata kazi, soma mpaka mwisho

Shoga yangu, mambo? Mama anaendeleaje na ule mguu? Mpe shikamoo yangu, mwambie dawa za presha asiruke hata siku moja.

Nilitaka kukupigia ila nikajua nitaanza kulia tu, bora niandike. Nimepata kazi ya uuguzi aisee. Kituo cha afya cha mtu binafsi huku Mbagala, mkataba wa mwaka mmoja, nimesaini Jumatatu. Mshahara sio ule tuliokuwa tunauongelea bwenini lakini unaeleweka, kodi ya chumba sasa nalipa mwenyewe na mjomba simwombi tena nauli.

Wewe ndo unajua nilivyotoka chuo, sasa ngoja nikwambie nilivyozunguka. Kabla leseni haijatoka kuna mwenye zahanati mmoja aliniambia anza tu, nani atakuuliza, nikakataa, maana Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 tuliisoma wote, na likitokea la kutokea anayeumia ni mgonjwa. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga ilivyotoka nikatoa kopi za vyeti, mwanasheria akagonga mihuri, nikanunua bahasha za kaki nikaanza safari, Temeke, Kariakoo, Mwananyamala mpaka Tegeta, daladala juu ya daladala na jua la Dar unalijua. Mapokezi wanaipokea bahasha vizuri tu wanaiweka juu ya zingine, "tutakupigia". Wengine wanataka uzoefu wa miaka miwili, sasa mtu ndo kwanza kamaliza chuo huo uzoefu anautoa wapi? Sehemu nyingine wakataka niwaachie vyeti orijino eti nisije nikahama. Niliondoka bila kuaga.

Hapa pia hawakuwa na nafasi. Sista inchaji, yule muuguzi msimamizi, akasoma siivii yangu mpaka mwisho, wa kwanza kufanya hivyo, akasema mwanangu kazi hakuna ila kama unaweza kujitolea njoo. Miezi minne shosti, nauli tu na chai ya saa nne. Mimi naona sio haki hata kidogo, mtu ana leseni, wodi hazina watu, halafu anafanya kazi bure, na hili nitalisema hata nikiwa metroni, mkuu wa wauguzi. Lakini nilienda kila siku.

Sasa usiku mmoja akaletwa mtoto wa miezi minane, kaharisha na kutapika siku mbili, macho yameingia ndani, ukivuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama kwanza ndo inarudi polepole, na hawezi hata kunyonya. Daktari akaandika dripu ya ringa, yale maji ya chumvi ya mshipani, haraka. Kaka wa zamu akajaribu mkono wa kulia, mshipa ukapasuka, akajaribu wa kushoto hakuna kitu, mama yake kakaa chini anamwita Mungu. Nikaomba nijaribu. Nikachukua kanula ya njano, ile ndogo ya watoto ya kupitishia dripu, nikamshika mguu nikaupasha kwa viganja vyangu kidogo, nikapapasa mbele ya kifundo cha ndani, pale pale mwalimu wetu alipokuwa anatuambia usitafute kwa macho tafuta kwa kidole. Damu ikarudi kwenye kanula, mshipa nimeupata! Nilihisi mgongo wote umelowa. Alikuwa na kilo 7 kwa hiyo mililita 210 saa ya kwanza, halafu 490 kwa masaa matano, nikakaa naye nahesabu matone na kumwangalia upumuaji. Kwenye saa kumi alfajiri akakojoa kwenye khanga ya mama yake, maana yake maji yamerudi mwilini, yule mama akanikumbatia na sisi wote tukalia. Sijawahi kufurahia mkojo wa mtu namna ile.

Asubuhi kaka akaeleza yote kwenye ripoti. Sista inchaji hakusema kitu. Wiki mbili baadaye muuguzi mmoja akapata ajira serikalini akaenda mkoani, ofisi ikataka kutangaza nafasi, yeye akawaambia mtu ninaye.

Ndo maana nakuandikia wewe. Najua umekaa hapo nyumbani unasubiri tangazo la ajira za serikali, na kweli likitoka omba, hata mimi nitaomba, tena kwenye Ajira Portal, ule mtandao wa kuombea kazi za serikali, nimeshajaza kila kitu. Ila usikae tu shosti, mwaka unaisha huu hujashika hata glavu, na wewe leba ulikuwa unatushinda wote darasani, yule mtoto mchanga wa hospitali ya Amana uliyemsafisha njia ya hewa ukamvutisha kwa ambu, ule mfuko wa kusukumia hewa, ndani ya ile dakika ya kwanza mimi sijamsahau. Mikono ile isikae kuosha vyombo tu.

Sista anatafuta mtu wa wodi ya wazazi, kujitolea kwanza, sikufichi, ila nimemwomba angalau nauli na chakula cha zamu ya usiku na amekubali. Njoo na leseni, kopi zilizogongwa mihuri na viatu vyeupe vya kufunika vidole, yunifomu utavaa yangu mpaka upate hela ya kushona. Chumba ni kidogo lakini godoro ni la futi tano, tutalala. Chakula tutachangia mimi nikianza kutoa. Ongea na mama leo leo, akikataa nipe nimwombe mwenyewe.

Ukipanda basi nitumie namba yake. Ukishuka Stendi ya Magufuli pale Mbezi usichukue bodaboda usiku, kaa ndani kwenye mwanga, wiki hii niko zamu ya asubuhi kwa hiyo nitakufuata mwenyewe.

Mwenzio wa kitanda cha juu